Alizeti na Ufuta: Zao Lipi kwa Uwanda wa Ufipa, Zao Lipi kwa Bonde la Milepa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mkulima wa Kata ya Milepa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, na mkulima wa Uwanda wa Ufipa wanaishi katika wilaya moja, lakini mashamba yao hayafanani hata kidogo. Bonde liko karibu na usawa wa ziwa, yaani takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa juu, ng'ambo ya safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa, uko zaidi ya mita 1,500. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi joto zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda juu. Hivyo mbegu iliyostawi kwa jirani aliye bondeni inaweza kumwangusha mkulima wa uwandani, naye akapoteza msimu mzima, kwa kuwa Mkoa wa Rukwa hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Alizeti na ufuta ni mimea miwili yenye maua inayolimwa kwa ajili ya mafuta, na mara nyingi huzungumzwa pamoja. Makala haya yanaeleza tofauti za mahitaji yake ili mwananchi achague kabla ya kununua mbegu.

Maua na uchavushaji

Alizeti, ambayo asili yake ni Amerika ya Kaskazini, ni ya jamii moja na pareto. Kile kinachoitwa ua lake ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo juu ya kichwa kimoja. Petali za njano zilizo pembeni hazitoi mbegu. Kazi yake ni kuvuta wadudu. Maua ya katikati ndiyo huzaa, nayo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Alizeti hutegemea sana nyuki, hivyo kichwa kisichotembelewa na nyuki wa kutosha huwa na mapepe mengi katikati.

Ufuta huchanua kwa namna nyingine. Maua yake yana umbo la kengele, rangi nyeupe au ya zambarau iliyofifia, nayo hutokea kwenye makwapa ya majani na kufunguka kuanzia chini ya shina kwenda juu. Ua la ufuta hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa, ingawa nyuki hulitembelea. Kwa kuwa maua hayafunguki kwa pamoja, maganda ya chini hukomaa wakati ya juu bado ni mabichi. Jambo hilo ndilo huleta ugumu wakati wa kuvuna.

Kwa mazao yote mawili, mkulima anashauriwa asipulize viuatilifu wakati wa mchana maua yakiwa yamefunguka. Pale inapolazimu, apulize jioni nyuki wakiwa wamerejea mizingani.

Joto, mvua na udongo

Alizeti hustawi vizuri zaidi katika nyuzi joto 20 hadi 25, lakini huvumilia joto kali kuliko hilo pamoja na usiku wenye baridi ya wastani. Mzizi wake mkuu hushuka chini sana, hata kufikia mita 2 katika udongo usio na mwamba, na kwa sababu hiyo huhimili kipindi kifupi cha ukame. Mvua ya milimita 500 hadi 750 kwa msimu huitosheleza.

Ufuta ni zao la joto. Hupenda nyuzi joto 25 hadi 35, na joto likishuka chini ya 20 mbegu huchelewa kuota na mmea hudumaa. Hulimwa zaidi katika maeneo yasiyozidi takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa kipimo hicho, ufuta si zao la Uwanda wa Ufipa. Mahali pake ni bondeni. Mvua ya milimita 500 hadi 650 huutosha.

Adui mkubwa wa ufuta ni maji yaliyotuama. Mizizi yake ikizama katika maji kwa siku chache, majani hugeuka njano na mmea hufa. Katika bonde lenye mbuga za udongo mzito, kama lilivyo Bonde la Rukwa, shamba linalofaa mpunga halifai ufuta. Ufuta upelekwe kwenye miinuko na udongo wa kichanga au tifutifu unaopitisha maji. Alizeti nayo haipendi maji yaliyotuama, lakini huweza kukua katika udongo mzito kiasi iwapo maji yana njia ya kutoka.

Kupanda

Nafasi inayoshauriwa kwa alizeti ni sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kila shimo baada ya kupunguzia. Kwa nafasi hiyo, ekari moja hubeba takriban mimea 18,000. Mbegu hufukiwa sentimita 3 hadi 5.

Ufuta hupandwa kwa sentimita 50 kati ya mistari na sentimita 20 kati ya mashimo, mimea miwili kila shimo, sawa na takriban mimea 80,000 kwa ekari. Mbegu zake ni ndogo sana, hivyo zifukiwe sentimita 2 hadi 3 tu, katika udongo uliolainishwa. Miche ya ufuta hukua polepole mwanzoni. Palizi ikichelewa katika wiki 3 hadi 4 za kwanza, magugu huushinda.

Tarehe ya kupanda itafutwe kwa kuhesabu kurudi nyuma, ili zao likomae mvua zinapokata. Aina nyingi za alizeti huhitaji siku 90 hadi 130, na ufuta siku 90 hadi 120. Kwa mfano, mahali ambapo mvua huisha mwishoni mwa Aprili, alizeti ya siku 110 hupandwa mapema Januari, na ufuta wa siku 100 katikati au mwishoni mwa Januari. Vichwa vya alizeti vilivyokomaa chini ya mvua huoza. Maganda ya ufuta huota ukungu.

Kuvuna na kuuza

Alizeti huwa tayari mgongo wa kichwa unapogeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha kahawia. Mkulima ana siku kadhaa za kuvuna, ila ndege hawamsubiri.

Ufuta hauna subira. Ganda likikauka hupasuka na kumwaga mbegu ardhini. Mashina yakatwe maganda ya chini yanapoanza kuwa njano na majani kupukutika, yafungwe miganda, yasimamishwe yakauke, kisha yakung'utwe juu ya turubai. Kazi hiyo huja karibu na mavuno ya mpunga. Kaya ya Milepa yenye nguvukazi ndogo ipime ekari za ufuta kwa idadi ya mikono itakayokuwapo siku hizo.

Mbegu za alizeti zinaweza kukamuliwa katika mashine za hapa nchini, na mashudu yakawa chakula cha mifugo. Ufuta, ambao nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta, huuzwa zaidi nje ya nchi, hivyo mchanga na takataka hushusha thamani yake. Mkulima auze kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, si kwa lumbesa. Akumbuke pia kwamba gunia la alizeti ni jepesi kuliko gunia la mahindi lenye ujazo uleule.

Mbegu bora na ushauri

Katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Ilonga hushughulikia alizeti na kituo cha Naliendele hushughulikia ufuta. Miongoni mwa aina zinazofahamika ni Rekodi kwa alizeti, na Lindi 2002, Ziada 94 na Mtwara 2009 kwa ufuta. Mnunuzi ahakikishe kifungashio kina lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na atunze stakabadhi.

Kwa ufupi, mkulima wa uwandani achague alizeti. Mkulima wa Milepa anaweza kulima yote mawili: ufuta kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, na alizeti kwenye udongo mzito zaidi wenye njia ya maji, huku mbuga zikibaki kwa mpunga. Wananchi wanashauriwa kumwona Afisa Ugani wa kata yao kabla ya mvua kuanza, ili apime shamba na kuwashauri aina ya mbegu inayofaa.