Pedi za mbio na barabara ya Kabuku

Wadau, sentensi ambayo sisi waandishi wa habari za ajali tumeiandika kuliko zote ni hii: "chanzo cha ajali ni gari kufeli breki." Inatosha kwenye aya moja, mhariri haiulizi, na kesho yake gazeti linafungia maandazi. Lakini haielezi kitu. Breki zilifelije? Zilikuwa za aina gani? Nani alizichagua, na kwa kazi ipi?

Nayauliza haya kwa sababu siku hizi vijana wenzangu wa Dar wenye Subaru na Altezza wana ugonjwa mmoja: gari likishabadilishwa ringi na ekzosi, linalofuata ni pedi za breki "za mbio". Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba kama zinasimamisha gari la mashindano, za kwake zitashindwaje? Ijumaa jioni huyo anaelekea Tanga, Lushoto au Moshi. Apite Chalinze au azungukie Bagamoyo na kutokea Msata, Kabuku haikwepi.

Kwa asiyepajua, Kabuku ni mji mdogo wa Wilaya ya Handeni, kwenye lami ya Chalinze kwenda Segera, kabla hujafika Korogwe. Kuna mkonge, maduka yaliyoisogelea barabara, bodaboda, na watu wanaovuka kwenda upande wa pili. Dereva anafika pale baada ya mwendo mrefu ambao pengine hakugusa breki kabisa. Pedi zake zimepoa. Hilo la kupoa tulishike, maana ndilo hoja yangu yote ya leo. Ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Agosti 1888, mwaka uleule Abushiri bin Salim alipoanza kupambana na Wajerumani kule Pangani, mama mmoja huko Ujerumani alichukua gari la mumewe na kusafiri nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Jina lake Bertha Benz. Mumewe, Karl Benz, ndiye aliyelitengeneza gari lile, na breki zake zilikuwa vipande vya mbao. Kwenye miteremko mbao zikalika. Bertha akasimama kwa fundi viatu, akamwambia azipigilie ngozi. Hiyo inahesabiwa kuwa kinyago cha kwanza cha pedi tunazozinunua leo Kariakoo. Kwa maana nyingine, fundi wa kwanza wa pedi za breki duniani alikuwa mshona viatu!

Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kazi ya kutengeneza bitana za breki huko Derbyshire, baada ya kuona wenye mikokoteni ya farasi wakitumia viatu chakavu kuzuia magurudumu mteremkoni. Kampuni yake ndiyo Ferodo, jina ambalo mafundi wetu wanalijua vizuri. Mwaka 1902 Frederick Lanchester akasajili hataza ya breki ya diski Uingereza, na mwaka huohuo Louis Renault wa Ufaransa akaja na breki ya ngoma. Ngoma ikashinda kwa miaka 50.

Tatizo la ngoma ni kwamba imefungwa kama sufuria yenye kifuniko. Joto likiingia halina pa kutokea. Ngoma ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu zilizo ndani yake, bitana nazo zinapoteza mshiko. Dereva anakanyaga, pedali inashuka, gari linaendelea. Ili kuhimili moto, Frood aliingiza asbesto mwaka 1908, na dunia nzima ikamfuata. Ilichukua miongo mingi kukubalika kwamba vumbi la asbesto linaua kwa saratani ya mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na kufikia 2005 marufuku ilikuwa imeenea Umoja wa Ulaya wote. Ndiyo maana ukimwona fundi anapuliza vumbi la breki za gari la zamani kwa upepo wa kompresa, mwambie aache, na wewe ukae mbali.

Sasa tuje 1953, mwaka wenye mambo mawili. Huko Le Mans, Ufaransa, Jaguar ilishinda mbio za saa 24 kwa gari lenye breki za diski, likiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton. Diski iko wazi, upepo unaipiga, inapoa. Wenye breki za ngoma walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema kabla ya kona. Jaguar wao walisubiri. Huku kwetu, mwaka huohuo, yalizaliwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ndiyo yaliyokuja kuitwa East African Safari, baadaye Safari Rally.

Wengi wa rika langu tunaijua Safari kwa Subaru ya Colin McRae ya 1997, na tunadhani ni mali ya Wakenya. Hapana. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 magari yale yalikuja huku kwetu, na milima ya Usambara ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoogopwa. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7 tu. Mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, Mskoti, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Alishinda na msaidizi wake Chris Rothwell kwa Peugeot 404.

Hapa ndipo penye utamu. Peugeot 404 za wakati ule zilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Volvo PV544 ya Joginder Singh na nduguye Jaswant iliyoshinda 1965, vilevile. Folkswagen ya Vic Preston ya 1954, vilevile. Yaani zaidi ya miaka 10 baada ya diski kushinda Le Mans, Safari bado ilichukuliwa na ngoma. Kwa nini? Kwa sababu kazi ilikuwa nyingine. Le Mans dereva alitoka spidi kubwa mno hadi ndogo, kwenye lami, tena na tena, saa 24. Safari ilikuwa matope, mashimo na mito, na kwenye mteremko dereva mzuri aliingiza gia ndogo akaiacha injini imzuie.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Mombo hadi Lushoto ni tofauti ya mwinuko wa zaidi ya mita 900. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 900, nguvu inayotakiwa kumezwa njiani inatosha kuchemsha kama lita 30 za maji baridi, ndoo moja na nusu. Ukishuka kwa kukanyaga breki tu, sehemu kubwa ya moto huo unaupeleka kwenye pedi na diski. Ukishuka kwa gia ndogo, injini inabeba mzigo. Sasa linganisha na kuingia Kabuku: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50 ni kama sehemu moja ya 60 ya moto huo. Barabara ni zilezile za Mkoa wa Tanga, gari ni lilelile, lakini breki zinafanya kazi mbili zisizofanana.

Basi ukienda kununua pedi, usiulize "zipi ni kali?" Uliza "zitafanya kazi katika joto gani?"

Pedi za kawaida za barabarani, ziwe za mchanganyiko wa nyuzi na resini, za seramiki, au zenye chembe za chuma, zimetengenezwa zishike tangu asubuhi zikiwa baridi. Zikizidishiwa moto zinaishiwa. Pedi za uwanja wa mbio, mfano kwa wenzetu walioko Ghuba wanaokwenda Dubai Autodrome uliofunguliwa 2004, ni kinyume chake. Pale dereva anakanyaga kila baada ya sekunde chache, pedi hazipoi, na diski zinapita nyuzi 500 bila shida. Pedi hizo nyingi huanza kushika sawasawa zikishapata moto wa kutosha. Zikiwa baridi ni nzito, zinapiga kelele na kuila diski.

Kati ya hizo mbili kuna autokrosi, kama ile ya Jamhuri Park, Nairobi: mizunguko michache kwenye uwanja wa vumbi, kila gari likipambana na saa. Wengi hudhani kwa kuwa ni mashindano, basi pedi za uwanja wa mbio ndizo zake. Lakini mbio zinakwisha haraka na spidi si kubwa, breki hazipati nafasi ya kuchemka. Kinachotakiwa ni mshiko wa mguso wa kwanza. Pedi nzuri ya barabarani, au ya daraja moja juu yake, inamtosha mtu wa autokrosi.

Sasa mrudishe kijana wetu Kabuku na pedi zake za uwanja wa mbio. Ametoka Mkata mguu uko kwenye mafuta. Mtoto anaingia barabarani. Tuseme pedi zikiwa baridi mshiko umepungua kwa moja ya tano tu: ukikanyaga kwa nguvu ileile uliyoizoea, mita 40 za kusimama zinakuwa 50. Mtoto yuko ndani ya hizo mita 10. Kesho yake mimi ninaandika "gari lilifeli breki", wakati breki zilifanya vile zilivyotengenezwa kufanya.

Kwa mnaonunua: angalieni ubavuni mwa pedi. Nyingi zina herufi mbili, mfano FF au GG. Ya kwanza inaonyesha mshiko kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Ukiona FE, ujue ikipata moto inalegea. Mtu wa Lushoto aifikirie mara mbili. Bila shaka mwenye kutengeneza feki hashindwi kuchapa herufi, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayeweza kumrudia. Mafuta ya breki nayo: DOT 4 mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155. Ukiwa na pedi za bei mbaya na mafuta ya miaka mitano, umefanya kazi bure.

La mwisho, nililolipenda kuliko yote. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapona 62, na humo ndimo yalimotoka mashamba ya Tanga, ya Kabuku yakiwemo. Mwaka 2007 watafiti wa China walichapisha kwenye jarida la Wear majaribio ya breki zilizotiwa nyuzi za mkonge, wakasema unaweza kuchukua nafasi ya asbesto. Yaani dereva anapita katikati ya mkonge kilomita kwa kilomita, akiwa amefunga pedi kutoka ng'ambo, na huenda jibu la tatizo la Frood limesimama pembeni yake likisubiri kukatwa. Wenye viwanda mpo?

Ndiyo hayo kwa leo. Wanaopanda wikiendi hii, pedi za barabarani, gia ndogo mkishuka Soni, na Kabuku 50.