Utumbo ukivimba kwa miaka mingi, saratani huweza kufuata

KATIKA fuo za Ziwa Victoria, kuanzia Mbita na kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay hadi Karungu na Muhuru katika Kaunti ya Migori, mtu aonapo damu katika choo chake hudhani ni kichocho, amiba au bawasiri. Mara nyingi huwa hajakosea. Hata hivyo, damu isiyokoma baada ya matibabu huhitaji uchunguzi zaidi, kwani utumbo mpana uliovimba kwa miaka mingi huweza kupata saratani.

Utando wa ndani wa utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache. Unapojeruhiwa mfululizo, seli zake hugawanyika kwa kasi ili kuziba vidonda, huku kemikali zitolewazo na chembe nyeupe za damu zikiharibu jeni. Kasoro hizo zikilimbikizana, seli huanza kukua bila mpango.

Hatari hii imethibitishwa kwa wagonjwa wa vidonda sugu vya utumbo mpana, na wa maradhi ya Crohn yanaposhika utumbo huo. Maradhi haya hayaletwi na minyoo, bali kinga ya mwili ndiyo hushambulia utumbo. Takriban miaka 8 baada ya dalili kuanza, madaktari hushauri mgonjwa achunguzwe mara kwa mara kwa mrija wenye kamera.

Kichocho cha tumbo, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, nacho huvimbisha utumbo. Mayai ya minyoo hunasa katika ukuta wake na kuzusha vidonda na vinyama. Mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba kichocho cha mkojo husababisha saratani ya kibofu, lakini kwa minyoo ya kichocho hiki cha tumbo, ushahidi haukutosha.

Tembe za prazikwanteli huua minyoo hiyo, lakini haziponyi saratani. Mgonjwa anayemeza dawa tena na tena huku akiendelea kutokwa na damu, kukonda, kuishiwa damu au kubadilika kwa choo, huenda akapoteza muda wa thamani. Saratani hii ikigunduliwa mapema, upasuaji huweza kuiponya.