UKARIMU NA DENI KATIKA HISTORIA YA USHIRIKA WETU

Chama cha ushirika kina madaftari mengi, lakini liko moja lenye kuonyesha tabia za watu kuliko mengine yote, nalo ni daftari la mikopo. Wakati huu ambapo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi, twaona yafaa kueleza habari za daftari hilo kwa wanachama wote, kutoka mbuga za Shinyanga hata vilima vya dhahabu vya Geita. Maana kila mwaka, katika mikutano ya vyama vya msingi, swali moja huulizwa, tena huulizwa na watu wema waendao kanisani: Je, ni haki kumdai jirani aliye maskini? Je, imani haitufundishi kusamehe?

Swali hilo si dogo. Chama kisichodai madeni yake hufa, na chama kidaicho bila huruma hakina tofauti na mkopeshaji wa dukani. Sisi twaamini kwamba historia imekwisha kutuonyesha njia. Ukarimu ni jambo jema, na mkopo ni jambo jema, lakini ni mambo mawili, wala hayafai kuandikwa katika daftari moja.

Haki ya mizani

Wazee wetu wa Usukuma hawakuanza ushirika kwa kuomba sadaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliona kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi. Wakachanga fedha zao, wakaajiri wapimaji wao wenyewe ili uzito wa pamba ujulikane kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo viliandikishwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, pamba ya nchi zetu za Ziwa ilikuwa ikipitia katika mikono ya ushirika huo.

Yafaa tukumbuke msingi wenyewe. Mkulima hakutaka kupewa zaidi ya haki yake, wala hakukubali kupewa pungufu. Mtu adaiye mizani ya haki anapouza pamba, hapana budi aikubali mizani hiyohiyo anapolipa deni.

Meya wa Ujerumani na mkate wa maskini

Huko Ujerumani alikuwako mtu mmoja aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo mwenye bidii, aliyezaliwa mwaka 1818. Alikuwa meya wa vijiji vya Weyerbusch wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847. Aliwaita wenye uwezo wachange fedha, wakanunua unga, wakajenga tanuri la kijiji, na maskini wakapata mkate. Baadaye, mwaka 1849, akiwa Flammersfeld, aliunda chama cha kuwasaidia wakulima kununua ng'ombe na kulipa kidogo kidogo, ili wasinaswe na wakopeshaji wenye riba kubwa. Mwaka 1854, huko Heddesdorf, aliunda chama kingine cha hisani.

Katika vyama hivyo matajiri ndio waliobeba mzigo wa dhamana, na maskini walipokea tu. Baada ya miaka michache wale matajiri walichoka. Raiffeisen aliona kwa masikitiko kwamba huruma peke yake haidumu ikiwa inategemea mfuko wa mtu mwingine. Hivyo mwaka 1864 aliubadili msingi wa chama: yeyote atakaye mkopo sharti awe mwanachama, na wanachama wote wadhaminiane kwa mali zao. Chama kilikuwa cha eneo dogo, mahali ambapo watu hujuana kwa tabia. Faida haikugawanywa ovyo, bali iliwekwa kuwa akiba ya siku mbaya. Tangu hapo mkopaji hakuwa tena mwombaji mlangoni, bali mmojawapo wa wenye nyumba.

Mbegu hiyo ilisafiri mbali. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba na mikopo huko Lévis, Kanada. Katika nchi hiyohiyo, mjini Antigonish, mapadre walioongozwa na Moses Coady waliwafundisha wavuvi na wakulima kuweka akiba pamoja, na mwaka 1959 chuo chenye jina la Coady kilifunguliwa, ambacho tangu hapo kimepokea wanafunzi kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Hapa kwetu, mwaka 1960, Kanisa Katoliki lilifungua kituo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi karibu na Mwanza, kituo ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hivi leo neno SACCOS lajulikana katika kila mji wetu, ijapokuwa wachache wakumbuka kwamba ukoo wake unafika mpaka kwenye tanuri la mkate la Weyerbusch.

Fedha isiyo na mwenyewe

Historia yetu wenyewe ina mafunzo machungu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka 1984 vilizaliwa tena vyama vikuu vya Mwanza na Shinyanga. Lakini mkulima wa wakati huo aliingizwa chamani bila kuulizwa sana, na mikopo ilitoka katika mabenki ya umma. Wengi wakaiona fedha hiyo kuwa ni ya Serikali, yaani fedha isiyo na mwenyewe. Deni la mabenki likakua mwaka hadi mwaka, na mwaka 1991 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda chombo maalumu cha kukusanya madeni mabaya ya mabenki ya umma. Mwaka huohuo sheria mpya ya ushirika ilitaka chama kiwe mali ya wanachama kwa hiari yao.

Kisha, katika msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua pamba. Mashindano ya bei yalikuwa na manufaa yake, lakini yalileta na jaribu. Mkulima aliyekopeshwa mbegu na dawa na ushirika aliweza sasa kuuza pamba yake mahali pengine, na deni likabaki katika karatasi. Njia ya zamani ya kukata deni wakati wa kupima pamba ilikatika. Aliyedhani kwamba amekwepa chama aliwakwepa majirani zake, kwa maana msimu uliofuata hapakuwa na wa kuwakopesha pembejeo, wala yeye mwenyewe hakupata.

Pamba na duara

Katika nchi yetu liko jambo la pili lenye kuwachanganya watu, nalo ni dhahabu. Tangu zamani Geita ina mgodi. Ule wa kwanza mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini wengi wa watu wetu wanaijua dhahabu kwa njia ya machimbo madogo kama yale ya Nyarugusu na Rwamgasa. Huko, mtu atoaye fedha za kuchimba duara hupata fungu lake katika mifuko ya mawe itakayotoka. Mawe yasipokuwa na dhahabu, wote wamekosa pamoja: mwenye duara, mchimbaji na mwenye mtaji. Hapana mtu amdaiye mwenzake, kwa sababu wote waliijua hatari na kuikubali.

Mkopo wa pembejeo si wa namna hiyo. Mbegu imekwisha kununuliwa kwa bei ijulikanayo, na deni lake haliingoji bahati. Tuseme mkulima achukua dawa za pamba kwa mkopo, aziuza kwa bei ya chini, kisha apeleka fedha ile katika duara. Amefanya nini? Amecheza bahati kwa mali ya wenzake ambao hawakuulizwa. Dhahabu ikipatikana, itakuwa yake. Ikikosekana, hasara itakuwa yetu sote. Huyo hawezi kuja mkutanoni kuomba huruma sawa na yule ambaye shamba lake liliungua kwa jua.

Maandiko yasemavyo

Twarudi basi kwa swali la ndugu zetu. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alisema mambo mawili, na wengi husahau kwamba ni mawili. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake. Huo ulikuwa ukarimu. Aliahidi tena kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hilo lilikuwa deni. Hakusema kwamba sadaka yake ifute deni lake.

Mtume Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, hakumwambia Filemoni kwamba deni si kitu. Aliomba liandikwe juu yake mwenyewe, akaahidi kulipa kwa mkono wake. Na yule mjane aliyemlilia nabii Elisha kwa sababu ya mdai wake alipewa muujiza wa mafuta. Naye aliagizwa ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Ni kweli kwamba Torati iliamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba, nasi hatulifichi neno hilo. Lakini aliyeamriwa kuachilia ni yule mwenye mali.

Nchi yetu yenyewe ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje mwezi Novemba 2001, baada ya makanisa na watu wengi duniani kupaza sauti kwa ajili ya nchi maskini katika miaka iliyoelekea mwaka 2000. Waliosamehe ni wale waliokuwa wakidai, nao walitaka hesabu ya jinsi fedha iliyookolewa itakavyotumika. Msamaha ule ulikuwa wa kweli kwa sababu ulitoka kwa mwenye haki ya kuutoa.

Halmashauri ya chama haina haki hiyo. Fedha iliyomo katika kasha ni hisa za mjane wa kijiji hiki na akiba ya mzee wa kijiji kile. Mweka hazina amsameheye rafiki yake kwa fedha hizo si mkarimu. Amechukua cha mmoja asiyekuwapo akampa mwingine aliyekuwapo.

Ngitili ya fedha

Basi ukarimu wa chama uko wapi? Wasukuma tunao mfano wetu. Tangu zamani mwenye ng'ombe hutenga sehemu ya malisho wakati majani yangali mabichi, asiilishe mpaka kiangazi kikali. Hiyo ndiyo ngitili, na tangu mwaka 1986 mradi wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga ulisaidia kuirudisha katika vijiji vingi ambako ilikuwa imepotea. Nasi tutenge ngitili ya fedha. Kila mwaka wa ziada, mkutano mkuu ukate fungu dogo kwa kura ya wazi, liwekwe katika daftari lake peke yake, liwe la kuwasaidia waliofikwa na ukame, msiba au ugonjwa. Fungu hilo likilipa deni la mjane, deni limelipwa kweli, na wote wajua nani ametoa.

Kwa yule ambaye mvua imemnyima, halmashauri imwongezee muda wa kulipa, iandike sababu na tarehe mpya. Kiasi cha deni kisiguswe. Kwa yule awezaye kulipa asitake, adaiwe yeye na wadhamini wake, awe mzee wa kanisa, awe ndugu ya mwenyekiti. Wanachama wetu Waislamu, na wale washikao mila za wazee, hawatapata shida kukubaliana nasi katika mambo haya, kwa kuwa uaminifu wasifiwa katika kila nyumba.

Twawaomba wajumbe waje na shauri hili katika mkutano mkuu ujao, walijadili katika vyama vyao vya msingi kwanza, na kulipigia kura. Miaka kumi ya mwanzo imetufundisha kukopesha. Mungu akitujalia kumi mingine, na tujifunze kutoa kwa mkono wetu wenyewe na kulipa kwa wakati wake.