Hofu ya Wagonjwa wa Muda Mrefu: Kibiti na Delta ya Rufiji, 2020–2021

1. Utangulizi

Historia ya magonjwa ya kuambukiza huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya waliokufa. Makala haya yanawatazama watu wengine: wale waliokuwa tayari na kisukari, shinikizo la damu au virusi vya UKIMWI wakati UVIKO-19 ulipoingia nchini. Wengi wao hawakufa, bali waliishi na hofu, na hofu hiyo haikuandikwa popote.

2. Hofu juu ya hofu

Kibiti haikuanza kuogopa mwaka 2020. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa huko na watu wasiojulikana. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa karibu na Jaribu Mpakani. Watu walizoea kufunga milango mapema na kupima maneno yao.

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa. Kufikia mapema mwezi Mei waliothibitishwa walikuwa 509, kisha takwimu zikakoma kutolewa. Mwezi Juni ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Kwa mwenye afya, tangazo hilo lilikuwa nafuu. Mwenye kisukari alikuwa amekwisha kusikia kwamba mwili wake umo hatarini kuliko wa jirani. Sasa hakuwa na kipimo cha kuilinganisha hatari hiyo.

Jiografia nayo iliongeza mzigo. Atokaye katika vijiji vya delta husafiri kwa mashua kati ya mikoko hadi bara, kama vile Nyamisati, kisha hupanda gari hadi Kibiti. Kwenda kliniki kulikuwa kukutana na msongamano. Kutokwenda kulikuwa kukosa dawa. Tena dalili za wasiwasi, yaani moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kubanwa pumzi, hufanana na dalili za ugonjwa wenyewe. Hivyo hofu ikazaa hofu.

3. Luther mwaka 1527

Mwezi Julai 1527 Martin Luther aliugua ghafla hata akadhani anakufa, akaingia katika majaribu mazito ya rohoni. Mwezi Agosti tauni ikafika Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamia Jena, lakini yeye alibaki pamoja na Bugenhagen, ingawa mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Katika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau alifundisha kwamba wenye wajibu kwa wagonjwa wasiwaache, na kwamba kutumia dawa na kujitenga na maambukizo si kumkosea Mungu. Aliyeandika hayo alikuwa mtu mwenye mwili dhaifu na moyo uliofadhaika. Basi hatuwezi kumtumia kuwa shahidi wa imani isiyojua hofu.

4. Hitimisho

Aprili 2020 taifa lilifanya maombi ya siku tatu, na nyumba za ibada hazikufungwa. Hilo liliwafariji wengi. Hata hivyo, pale mhubiri aliposema kwamba mwenye imani haogopi, mgonjwa alipewa mzigo wa pili: pamoja na ugonjwa wake, akajiona hana imani. Bwana wetu mwenyewe alifadhaika Gethsemane (Mt. 26:37–38), wala hakuficha.

Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, wenye magonjwa ya muda mrefu waliwekwa miongoni mwa makundi ya kwanza. Serikali iliwatambua, je, sharika zetu ziliwatambua? Vitabu vyetu huonyesha waliobatizwa na waliozikwa. Yafaa mchungaji ajue pia nani hunywa dawa kila siku, tarehe yake ya kliniki ni ipi, na kama analala usiku, awe Mkristo au jirani Mwislamu, ambaye ndiye mwenyeji wa wengi wetu huko Rufiji. Wanafunzi wetu nao hawana budi kukusanya masimulizi ya wagonjwa hao wangali hai.