Athari za baridi kwa magari ya umeme

Athari za baridi kwa magari ya umeme ni mabadiliko yanayotokea katika betri na mifumo mingine ya gari la umeme wakati halijoto ya hewa inaposhuka. Tokeo linaloonekana zaidi ni kupungua kwa umbali ambao gari linaweza kwenda kwa chaji moja. Betri pia huchelewa kujaa, na uwezo wa gari kuzalisha umeme wakati wa kufunga breki hupungua. Kwa kawaida athari hizi ni za muda: betri ikipata joto tena, uwezo wake hurudi.

Athari hizi ni kubwa katika nchi zenye theluji. Katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kwa mfano Ugweno katika milima ya Upare Kaskazini, Tanzania, baridi ni ya wastani, na mwinuko wa barabara hutumia umeme mwingi kuliko baridi yenyewe.

## Sababu

### Betri

Magari mengi ya umeme hutumia betri za ioni za lithi. Betri inapotoa umeme, ioni hizo husafiri ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine. Katika baridi elektroliti huwa nzito na mwendo wa ioni hupungua. Ukinzani wa ndani ya betri huongezeka, hivyo sehemu ya nishati hupotea kama joto na sehemu nyingine haiwezi kutolewa hadi betri ipate joto. Betri za lithi zenye chuma na fosfati huathirika zaidi kuliko zile zenye nikeli.

Kuchaji ni kugumu zaidi kuliko kutoa umeme. Chini ya 0 °C lithi inaweza kuganda kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake, na hali hiyo huharibu betri moja kwa moja. Kwa sababu hiyo kompyuta ya gari hupunguza kasi ya kuchaji, au huipasha betri joto kwanza.

### Joto la ndani ya gari

Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kama joto, na joto hilo hutumika kuwapasha abiria bila gharama ya ziada. Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo sana, kwa hiyo joto la abiria lazima litoke kwenye betri.

Hita inayotumia kilowati 3 humaliza kilowati-saa (kWh) 3 kwa saa moja. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hiyo ni sawa na kWh 5 kwa kila kilomita 100; likienda kilomita 30 kwa saa, ni kWh 10. Gari dogo la umeme hutumia takriban kWh 15 kwa kilomita 100 katika hali nzuri, hivyo safari za polepole katika baridi huathirika zaidi. Baadhi ya magari yana pampu ya joto, ambayo hukusanya joto kutoka hewa ya nje na kutumia umeme mdogo kuliko hita ya kawaida.

### Hewa na matairi

Hewa baridi ni nzito zaidi na hulizuia gari zaidi. Shinikizo la matairi nalo hushuka kwa takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za upungufu wa joto, na tairi lenye upepo mdogo huongeza matumizi ya umeme.

## Vipimo

Mwaka 2019 shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilitangaza matokeo ya kupima magari 5 ya umeme. Yakilinganishwa na hali ya 24 °C, umbali wa magari hayo ulipungua kwa wastani wa asilimia 12 katika −7 °C bila hita, na asilimia 41 hita ilipotumika. Katika joto la 35 °C, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, umbali ulipungua kwa asilimia 17. Matokeo haya yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu hutokana na kupasha joto ndani ya gari.

Nchini Norwei, ambako karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme, chama cha wenye magari NAF kilijaribu magari 20 wakati wa baridi ya mwaka 2020. Kwa wastani yalikwenda umbali uliopungua kwa asilimia 18.5 kuliko ule uliotangazwa rasmi.

## Ugweno na milima ya Upare

Ugweno iko katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Wilaya ya Same. Vijiji vyake viko milimani, juu ya tambarare kavu zenye joto. Kilele cha juu cha Upare Kaskazini, Kindoroko, kina kimo cha mita 2,113. Kwa kawaida halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na miezi ya Juni hadi Agosti huwa na ukungu na baridi. Hata hivyo baridi ya vijijini haifikii kiwango cha kugandisha maji, kwa hiyo upungufu mkubwa unaoonekana Norwei hautarajiwi huko.

### Kupanda

Kuinua gari lenye uzito wa kilogramu 1,800 pamoja na abiria kwa mita 500 kunahitaji takriban kWh 2.5, mbali na umeme wa kulisukuma mbele. Kiasi hicho kingetosha kwenda kilomita 16 hivi kwenye tambarare. Hita ndogo ya kilowati 1 ingehitaji saa mbili na nusu kutumia umeme huo. Kwa upande mwingine, mota ya umeme haipotezi nguvu kwa sababu ya hewa nyepesi ya milimani kama injini ya petroli.

Hesabu hii ni muhimu zaidi kwa magari yaliyotumika. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ilikuwa na betri ya kWh 24. Betri ya namna hiyo ikibaki na asilimia 70 ya uwezo wake ina kWh 17 hivi, na kupanda mita 500 huchukua karibu asilimia 15 ya hizo. Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi hukadiriwa kutokana na mwendo uliotangulia; dereva anayetoka tambarare anaweza kuonyeshwa umbali mkubwa kuliko atakaoupata mlimani.

### Kushuka

Wakati wa kushuka, mota hugeuka kuwa jenereta: hupunguza mwendo wa gari na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme huo, na betri baridi hupokea kidogo. Gari lililochajiwa usiku kucha mlimani hadi kujaa, kisha likaanza kushuka asubuhi ya Julai, linaweza kukosa msaada huo kwa sababu zote mbili. Uzito wote hubebwa na breki za kawaida, ambazo zikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Hii ndiyo athari ya baridi yenye hatari zaidi katika barabara za milimani.

### Joto la tambarare

Baridi hupunguza uwezo wa betri kwa muda, lakini joto kali huizeesha kabisa. Gari linaloegeshwa juani katika tambarare za Mwanga au Same, hasa likiwa limejaa chaji na halina mfumo wa kupoza betri kwa maji, hupoteza uwezo haraka kuliko lile linalokaa milimani.

## Kupunguza athari

* Kupasha gari joto likiwa bado limeunganishwa na umeme wa nyumbani.
* Kutumia joto la viti na usukani, ambalo huhitaji umeme mdogo kuliko kupasha hewa yote.
* Kupima upepo wa matairi asubuhi kabla ya safari.
* Kuchaji mara baada ya safari, betri ikiwa bado ina joto.
* Kuacha nafasi ya angalau asilimia 10 hadi 15 kwenye betri kabla ya kushuka mlima, na kushuka polepole.
* Kubaki na akiba ya chaji kabla ya kupanda, bila kutegemea makadirio ya dashibodi pekee.