Nani Alikuwa Admin wa Teolojia ya Afrika?

Kila grupu ya WhatsApp ina admin. Yeye ndiye anaamua nani anaingia, nani anatolewa, na mara nyingi hata stori gani zitapigwa. Nimekuwa nikisoma historia ya vyama vya wasomi wa dini, na wasee, mambo ni yaleyale.

Turudi 1976. Mwaka huo taasisi ya kichungaji ya Gaba ilihama Uganda ya Idi Amin ikaja kuanza upya hapa Eldoret. Agosti mwaka uo huo, wasomi 22 walikutana Dar es Salaam. Walikuwa wamechoka. Teolojia ilikuwa inaandikwa Ulaya na Marekani, halafu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini tunaletewa kama mitumba. Wakaunda EATWOT, jumuiya ya wanateolojia wa Ulimwengu wa Tatu. Hoja yao: maskini naye anaweza kumfikiria Mungu kwa kichwa chake mwenyewe.

Safi sana. Lakini hebu hesabu viti. Kati ya wale 22, mwanamke alikuwa mmoja tu, Beatriz Melano Couch wa Argentina. Kutoka Afrika? Sufuri. Sasa ingia kanisa lolote hapa mjini Jumapili uhesabu nani wamejaa kwa viti. Hawa wanaume walikataa kufungiwa nje, lakini wakasahau kuwafungulia mama zao mlango.

Mghana mmoja, Mercy Amba Oduyoye, hakunyamaza. Mwaka wa 1981, kwenye mkutano wa New Delhi, aliwaambia kwamba wanawake nao wanaibuka, tena ndani ya jumuiya yao hiyohiyo. Mwaka wa 1983 wakaunda tume ya wanawake. Lakini Oduyoye hakutaka tu kuongezewa kiti kwa meza ya wengine. Mwaka wa 1989, huko Legon, Accra, yeye na wenzake walizindua chama chao: Duara la wanateolojia wanawake wa Afrika. Jina lenyewe ni katiba. Duara halina kiti cha mbele. Liliongozwa na waratibu, na lilikaribisha Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi. Kazi ya mwanachama ilikuwa moja: tafiti, andika, chapisha.

Wakenya walikuwa ndani kabisa. Musimbi Kanyoro, ambaye kwanza alisomea isimu, aliliratibu kuanzia 1996 hadi 2002. Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa PCEA mwaka wa 1982, alikuwa mmoja wao.

Na je, ilibadilisha nini? Angalia 2002. Duara lilikutana Addis Ababa na mada ikawa Ukimwi. Makanisani wengi bado walikuwa wanahubiri kuhusu dhambi. Wanawake waliokuwa wanaosha wagonjwa na kulea mayatima waliuliza maswali mengine: nani ana nguvu ya kukataa kitandani? Mjane anarithi nini? Hiyo ndiyo maana ya uanachama. Asiyekuwa kwa chumba, swali lake pia haliko.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua kuulizwa, "Kwani wewe ni nani ndio utufundishe historia?" Hili Duara lilinipa moyo, kusema kweli. Lakini pia lilinisumbua. Kogo wangu aliongoza maombi ya akina mama miaka nenda miaka rudi, akazika watu, akasuluhisha ndoa, na hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja. Kwa sharti la "andika," hata yeye angebaki nje.

Kwa hivyo wikendi hii naenda kwake na simu ikiwa na chaji. Yeye ataongea, mimi nitaandika. Na wewe, kwenu ni nani hajawahi kuongezwa kwa grupu?