Mtakatifu Theresia na Njia ya Misafara

Wazee wa Unyamwezi waliifahamu safari kwa mabega yao. Mpagazi alitwikwa mzigo wa frasila mbili hivi, akamfuata kirangozi siku baada ya siku, na toka Bagamoyo hata Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu, pengine na zaidi. Njia hiyo hiyo waliifuata Mapadre Weupe wa kwanza mwaka 1878. Waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Tabora mwezi wa Septemba, wala hawakufika wote, maana Padre Joachim Pascal alifariki njiani mwezi wa Agosti.

Basi wakatekumeni huuliza: mbona Kanisa Kuu la mji huu wa wasafiri likapewa jina la mtawa aliyeishi ndani ya ukuta mpaka kufa kwake? Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba alikuwa mtakatifu. Yafaa tuitazame siku yake ilivyokuwa.

Theresia Martin aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, katika Ufaransa, tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka ule ule Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya kuhubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa, ambao wengi wao walipitishwa hapa petu.

Wakati wa kiangazi kengele iliwaamsha watawa kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Hapo walikaa saa nzima kimya mbele ya Mungu, na jioni saa nzima tena. Theresia mwenyewe ameandika kwamba mara nyingi alisinzia katika sala hiyo, wala hakukata tamaa. Neno hili huwafariji wengi wetu. Kisha ilikuwako Misa, na Zaburi kwa Kilatini, na kazi za mikono zilizofanywa bila mazungumzo: kushona, kufagia, kufua. Nyama hawakula, isipokuwa wagonjwa, na toka tarehe 14 Septemba hata Pasaka walifunga. Usiku, baada ya saa tatu, walisali Zaburi tena ndipo walale. Nyumba ilikuwa na baridi kali, na chumba chenye moto kilikuwa kimoja tu.

Wala tusidhani kwamba penye ukimya hapana maudhi. Siku moja ya kufua, sista mwenzake alipiga nguo hata maji machafu yakamrukia Theresia usoni kila mara. Alitaka kurudi nyuma na kujipangusa, ili yule aone. Akajizuia, akaendelea na kazi. Akina mama wafuao pamoja mtoni watalipima jambo hili kuliko mimi.

Mwaka 1897 alikuwa mgonjwa sana wa kifua kikuu. Sista mwuguzi alimwagiza atembee robo saa kila siku bustanini. Mwenzake akamwona akijikokota, akamsihi apumzike. Theresia akajibu kwamba alitembea kwa ajili ya mmisionari, maana huko mbali labda mmoja alikuwa amechoka kwa safari zake, naye alimtolea Mungu uchovu wake ili wa mwenziwe upungue. Mpagazi wa zamani angalimwelewa upesi: mtu akilemewa njiani, mwenziwe humpokea mzigo. Ndiyo sababu, mwaka 1927, Papa Pius XI alimweka kuwa msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule aliyepita Malindi mwaka 1542 akienda Bara Hindi.

Alikuwako pia kijana aliyekabidhiwa amwombee tangu mwaka 1895, jina lake Maurice Bellière, nao waliandikiana barua. Kijana huyo alipanda meli ya kwenda Algiers, kwa Mapadre Weupe, tarehe 29 Septemba 1897. Theresia alikufa kesho yake, umri wake miaka 24. Mwaka 1902 Padre Bellière alipelekwa nchi ya Nyasa, ambayo leo ni Malawi. Hawakupata kuonana.